Kabla Hujatia Sahihi: Fedha, Deni na Bei ya Hisa

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni juma lililopita)



Jumapili mbili zilizopita mpwa wangu alinijia nyumbani. Aliniamkia, akanywa chai, akanisikiliza nikilalamika kuhusu maji yasiyotoka mferejini, kisha akatoa bahasha mfukoni na kuiweka mezani. Ndani yake mlikuwa na fomu ya mkopo ya chama cha akiba na mikopo ambacho yeye, mama yake na mimi sote ni wanachama. Kijana alitaka kukopa shilingi 300,000. Akiba yake ni shilingi 100,000, na chama chetu humkopesha mtu hadi mara tatu ya akiba yake mradi apate wadhamini watatu. Mdhamini wa kwanza alikuwa mfanyakazi mwenzake. Wa pili alikuwa mama yake, yaani dada yangu, anayeuza nyanya na vitunguu sokoni Kongowea. Mahali pa mdhamini wa tatu palikuwa wazi.

"Mjomba," akaniambia, "hapo ndipo pako."

Nikamwuliza kama anataka kufungua duka. Hapana. Pikipiki? Hapana. Kiwanja? Hapana. Alitaka kununua hisa za kampuni moja ya teknolojia ya Marekani, kwa njia ya simu yake, kwa sababu bei ya hisa hizo ilikuwa imepanda mara mbili katika mwaka mmoja, na kila mtu ofisini kwao alikuwa akiizungumza. Sitaitaja jina kampuni hiyo, kwani neno langu la leo halihusu kampuni moja.

Sikutia sahihi siku ile, wala sikukataa. Nilimwambia aende akaniletee majibu ya maswali matatu. La kwanza, kampuni hiyo ina fedha taslimu kiasi gani, na inazitumia kwa kasi gani? La pili, inadaiwa kiasi gani, na deni linaiva lini? La tatu, ukinunua hisa moja kwa bei ya leo, kampuni nzima unaithamini kwa kiasi gani, na je, kazi inayofanya inastahili bei hiyo? Nataka leo niyaeleze maswali hayo matatu, kwa sababu najua mpwa wangu si peke yake. Wako vijana wengi mijini wenye simu mkononi na fomu ya mkopo mfukoni.

Tuanze na fedha taslimu.

Watu wengi hudhani kwamba kampuni hufa kwa kukosa faida. Si hivyo hasa. Kampuni hufa siku inapokosa fedha ya kulipa. Inaweza kupata hasara miaka mitano mfululizo na bado ikawa hai, mradi mfuko wake haujakauka. Na inaweza kuandika faida vitabuni huku haina shilingi ya kulipa mishahara. Kila mwenye duka anayeuza kwa mkopo anajua jambo hili. Daftari linasema amepata faida, lakini mwenye nyumba anapokuja kudai kodi hapokei daftari.

Mwaka 1999 na mwanzoni mwa mwaka 2000, soko la hisa la Marekani lilishikwa na homa ya intaneti. Kampuni changa zisizo na faida ziliuza hisa kwa umma na kupata mamilioni ya dola. Tarehe 10 Machi 2000 kipimo cha bei za hisa cha soko la Nasdaq, ambako kampuni nyingi za teknolojia huuzwa, kilifunga kikiwa 5,048. Siku kumi tu baadaye, gazeti la mambo ya fedha la Barron's likachapisha uchunguzi wa kampuni 207 za intaneti. Swali la uchunguzi huo lilikuwa jepesi kabisa: kwa jinsi kila kampuni inavyotumia fedha, fedha iliyo nayo itaisha lini? Jibu lilikuwa kwamba angalau kampuni 51 zingeishiwa katika muda wa miezi 12.

Angalia, msikilizaji, kwamba hesabu ile haikuhitaji profesa. Chukua fedha zilizomo, zigawe kwa fedha zinazotoka kila mwezi zaidi ya zinazoingia, nawe umepata idadi ya miezi. Mama anayebakisha debe moja la unga na ana watoto sita hufanya hesabu hiyo kila jioni.

Kampuni ya Pets.com iliyouza vyakula vya mbwa na paka kwa intaneti iliuza hisa zake kwa umma mwezi Februari 2000 kwa dola 11 kila moja. Mwezi Novemba mwaka huo huo ikatangaza kufunga. Webvan, iliyowapelekea watu vyakula majumbani, iliuza hisa mwezi Novemba 1999 na kukusanya kama dola milioni 375. Ikajenga maghala makubwa ya mitambo kabla haijapata wateja wa kutosha wa kuyalipia. Mwezi Julai 2001 ikafilisika. Wala wazo lake halikuwa la kipumbavu, maana leo watu wengi mijini huletewa mboga mlangoni kwa kubonyeza simu. Wazo lilikuwa zuri, fedha ndizo zilizokwisha kabla wazo halijakomaa. Mwenye hisa hapati chochote kwa kuwa wazo lake lilikuja kuwa kweli miaka 15 baadaye mikononi mwa mtu mwingine.

Swali la pili ni deni.

Deni si dhambi. Kampuni nyingi nzuri hukopa, kama vile mkulima hukopa mbegu. Lakini deni lina tabia mbili ambazo hisa haina. Kwanza, lina tarehe. Pili, mwenye deni hulipwa kabla ya mwenye hisa. Kampuni ikifilisika, wakopeshaji hukaa mezani kwanza, na mwenye hisa husubiri mlangoni kuona kama kutabaki mifupa. Mara nyingi haibaki.

Mfano ulio wazi ni WorldCom, kampuni kubwa ya simu na mawasiliano ya Marekani. Iliomba ulinzi wa mahakama ya wafilisi tarehe 21 Julai 2002 ikiwa na deni la dola bilioni 41. Miezi sita kabla yake, mwezi Januari 2002, Global Crossing iliyokuwa imetandaza nyaya za mawasiliano chini ya bahari nayo ilikuwa imefilisika, ikidaiwa zaidi ya dola bilioni 12. Nyaya zenyewe hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba zilijengwa kwa mikopo, kampuni nyingi zikajenga kwa pamoja, bei ya kupitisha mawasiliano ikaanguka, na riba haikuanguka.

WorldCom iliongeza na ujanja. Gharama za kila siku za kulipia njia za kampuni nyingine iliziandika kana kwamba ni ununuzi wa mali ya kudumu. Ni sawa na mwenye matatu anayenunua mafuta ya gari kila asubuhi, na jioni anaandika kwamba amenunua injini mpya. Kwa kuandika hivyo, gharama zikaonekana ndogo na faida ikaonekana kubwa. Ilipofichuliwa mara ya kwanza mwezi Juni 2002, kiasi kilichotajwa kilikuwa dola bilioni 3.8, na baadaye kikapatikana kuwa kikubwa zaidi. Aliyekuwa mkuu wa kampuni, Bernard Ebbers, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 2005.

Sasa, mnunuzi wa kawaida angejuaje? Uhalifu wote usingejulikana kwa macho ya mtu wa nje. Lakini kuna hesabu moja ambayo ujanja kama ule hauwezi kuificha. Tafuta fedha zilizoingia kutokana na shughuli za kampuni, halafu toa fedha zote zilizotumika kununua mitambo na majengo. Ukiyaita mafuta "injini", bado fedha zimetoka. Kinachobaki baada ya kutoa vyote ndicho kinachoweza kulipa deni. Faida ni jambo la kuandikwa, na mwenye kalamu anaweza kulipinda. Fedha zilizotoka zimetoka.

Nisieleweke kwamba nasema mwenye deni hafai kamwe. Hebu tumtazame Amazon. Kampuni hiyo mwaka 2000 ilipata hasara ya dola bilioni 1.4, na deni lake la muda mrefu lilikuwa zaidi ya dola bilioni 2. Mwezi Juni mwaka huo mchunguzi mmoja wa hati za madeni katika benki ya Lehman Brothers, Ravi Suria, aliandika akionya kwamba kampuni ingeweza kuishiwa fedha. Hisa iliyofunga kwa zaidi ya dola 106 mwezi Desemba 1999 ilishuka hadi chini ya dola 6 mwezi Septemba 2001. Ungeitazama bei peke yake, ungesema mgonjwa huyu keshakufa.

Lakini aliyefungua vitabu angeona mambo matatu. La kwanza, sehemu kubwa ya hasara ile ilikuwa ya kuandikwa tu, yaani kupunguza thamani ya kampuni nyingine ambazo Amazon ilikuwa imezinunua kwa bei mbaya. Fedha halisi zilizotoka katika shughuli za mwaka ule zilikuwa dola milioni 130, na ukiongeza mitambo na majengo, dola milioni 135 nyingine. La pili, ilikuwa na akiba ya dola bilioni 1.1 katika fedha na hati zinazouzika upesi. La tatu, na hili ndilo kubwa, sehemu kubwa ya deni lake haikuwa ya kulipwa hadi mwaka 2009 na 2010. Mwezi Februari 2000, majuma machache tu kabla ya soko kuanguka, ilikuwa imekopa euro milioni 690 kwa miaka kumi. Ilikopa mvua ikinyesha ikanunua mapipa. Ukame ulipokuja, wenzake walikuwa na kata tu.

Kwa hiyo deni la dola bilioni 2 lenye miaka tisa mbele yake linaweza kuwa jepesi kuliko deni la dola milioni 50 linaloiva Ijumaa. Usiulize tu "wanadaiwa ngapi?" Uliza pia "lini?", uliza "kwa riba gani?", na uliza "mfukoni mna nini siku hiyo itakapofika?"

Swali la tatu ni bei, na hapa ndipo hata wajanja huteleza.

Mtu huona hisa ya dola 8 akasema ni rahisi, na hisa ya dola 800 akasema ni ghali. Hilo ni kosa. Bei ya hisa moja haikuambii chochote mpaka ujue ziko hisa ngapi. Ni kama kuuliza bei ya kipande cha keki bila kujua keki imekatwa vipande vingapi. Zidisha bei ya hisa moja kwa idadi ya hisa zote, ndipo utakapopata bei ya kampuni nzima. Kisha jumlisha deni lake, na uondoe fedha taslimu iliyo nayo.

Kwa nini tujumlishe deni? Chukua mfano wa matatu. Mtu anakuuzia nusu ya matatu yake kwa shilingi milioni 1. Unajisemea, matatu nzima kumbe ni milioni 2, bei nzuri. Lakini benki inaidai gari hiyo shilingi milioni 3, na katika akaunti ya biashara mna shilingi 200,000. Basi bei halisi ya gari ni milioni 2, ongeza milioni 3, toa laki 2, yaani shilingi milioni 4 na laki 8. Nusu uliyonunua kwa milioni 1 imekuja na nusu ya deni mgongoni. Bei ya hisa kwenye kioo cha simu haikuonyeshi deni hilo. Ni wewe wa kulitafuta.

Ukishapata bei ya kampuni nzima, ilinganishe na faida yake ya mwaka. Bei ni mara ngapi ya faida? Kampuni inayokua upesi inastahili mara nyingi zaidi, na isiyokua inastahili mara chache. Lakini kuna mpaka, na mpaka huo tunaweza kuuona katika habari ya Cisco.

Cisco hutengeneza vyombo vya kuunganishia mitambo ya intaneti. Mwezi Machi 2000 ilifika kuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani sokoni, zaidi ya dola bilioni 500. Haikuwa kampuni ya ulaghai. Ilikuwa na wateja, ilikuwa na fedha nyingi na ilipata faida. Maswali yangu mawili ya kwanza ingeyajibu vizuri. Lakini faida yake katika mwaka wa hesabu uliokwisha Julai 2000 ilikuwa dola bilioni 2.7 hivi. Gawanya mwenyewe, msikilizaji. Mnunuzi alikuwa akilipa karibu mara 200 ya faida ya mwaka. Kama faida isingekua, angengoja miaka 200 kurudisha fedha yake. Wanunuzi walidhani itakua kwa kasi bila kikomo, lakini hakuna mti unaokua hadi mbinguni. Hisa iliyokuwa dola 80 mwaka 2000 ilikuwa chini ya dola 10 mwezi Oktoba 2002, na kipimo cha Nasdaq kilikuwa kimeshuka hadi 1,114. Cisco haikufa. Iliendelea kuuza vyombo vyake na kupata faida kubwa kuliko ile ya mwaka 2000. Hata hivyo, aliyenunua kileleni alisubiri zaidi ya miaka 20 kuiona bei aliyolipa. Kijana wa miaka 35 alikuwa mzee anayekaribia kustaafu.

Basi kampuni nzuri na hisa nzuri ni vitu viwili. Ng'ombe wa maziwa mengi ni ng'ombe mzuri, lakini ukimnunua kwa bei ya ng'ombe 20, maziwa yake hayatakutosha.

Msikilizaji mmoja ataniambia kwamba mambo haya ni ya zamani. Nami nitamjibu kwamba mwaka 2025 kampuni kubwa za teknolojia zilikopa kwa wingi ili kujenga vituo vya mitambo ya akili bandia. Oracle iliuza hati za deni za dola bilioni 18 mwezi Septemba, na Meta, wenye Facebook na WhatsApp, wakauza za dola bilioni 30 mwezi Oktoba. Je, madeni haya ni sawa? Tuyapime kwa mizani ile ile. Meta mwaka 2024 iliingiza kutokana na shughuli zake dola bilioni 91, na mitambo na majengo yakala kama bilioni 37. Kilibaki kingi. Oracle, katika mwaka wake wa hesabu uliokwisha Mei 2025, iliingiza dola bilioni 20.8, na ikatumia bilioni 21.2 kununua mitambo na majengo. Hapakubaki kitu, bali palipungua. Sisemi kwamba Oracle itaanguka, wala sisemi kwamba Meta haitateleza. Nasema tu kwamba mmoja alikopa huku kisima chake kikitoa maji, na mwingine alikopa huku akitumaini kwamba kisima kipya kitatoa. Anayenunua hisa bila kujua tofauti hiyo hajui anachonunua.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu, maana kuna swali la nne ambalo sikumpa siku ile. Halimo katika vitabu vya kampuni. Limo katika bahasha aliyoniletea. Swali ni hili: fedha unayonunulia ni ya nani?

Hapa sina budi kujitaja. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa umma, na sisi wanunuzi wa nchini tuliuziwa kwa shilingi 5 kila moja. Wengi mnakumbuka foleni zile, toka mwisho wa Machi hadi tarehe 23 Aprili. Mimi nilikuwa mmoja katika foleni, na sikuwa na fedha yangu mwenyewe. Nilikopa shilingi 100,000 katika benki moja, nikijua kabisa kwamba bei itapanda mara mbili kabla ya mwisho wa mwaka.

Tuipime kampuni ile kwa maswali yetu. Bei ya shilingi 5 kwa hisa bilioni 40 ilikuwa shilingi bilioni 200. Faida yake baada ya kodi katika mwaka uliokwisha Machi 2008 ilikuwa kama shilingi bilioni 13.8. Hiyo ni mara 14 au 15 tu ya faida. Bei haikuwa ya wazimu. Kampuni haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Kwani nini kilitokea? Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara nyingi, na sisi waombaji wadogo tukapata kama moja ya tano ya tulichoomba. Kwa hiyo katika shilingi 100,000 zangu, hisa nilizopata hazikuzidi za shilingi 21,000 hivi, na zilizobaki zilikuwa za kurudishwa. Lakini riba ya benki haikungoja kujua nimepata ngapi. Ilikuwa ikitembea juu ya laki nzima tangu siku ya kwanza. Hisa zilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni kwa zaidi ya shilingi 7, tukashangilia. Kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa chini ya shilingi 5, na nchi za nje zilikuwa zimeingia katika msukosuko mkubwa wa fedha. Makato ya mkopo yalikuwa yakitoka katika mshahara wangu kila mwezi. Nikauza kwa hasara ili nimalize deni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Na sasa sikiliza mwisho wake. Mwaka 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40. Jirani yangu aliyenunua hisa 2,000 kwa shilingi 10,000 za akiba yake, akaziweka karatasi zake kabatini, na akawa anapokea mgao wa faida kila mwaka, alikuwa na mali mara nane. Yeye na mimi tulinunua kitu kimoja, siku zile zile, kwa bei ile ile. Tofauti yetu ilikuwa kwamba fedha yake haikuwa na tarehe, na yangu ilikuwa nayo. Nilichosema kuhusu kampuni kinamhusu pia mnunuzi. Webvan iliishiwa fedha kabla wazo lake halijakomaa. Nami niliishiwa kabla hisa zangu hazijakomaa.

Mpwa wangu alirudi Jumapili iliyopita akiwa na karatasi mbili alizoziandika kwa mkono. Nilifurahi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Alikuwa ameisoma taarifa ya hesabu ya ile kampuni, ambayo kwa sheria ya Marekani kila kampuni iliyo sokoni hulazimika kuitoa na mtu yeyote anaweza kuisoma bure. Aliona kwamba kampuni haijawahi kupata faida. Kwa kasi inavyotumia fedha, zilizomo zingetosha miezi 14. Deni lake kubwa linaiva baada ya mwaka mmoja na nusu, yaani baada ya fedha kuisha. Tena idadi ya hisa zake ilikuwa imeongezeka kwa robo nzima katika miaka miwili, kwa sababu kila inapoishiwa huuza hisa mpya, na keki ile ile hukatwa vipande vingi zaidi.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mjomba, bado inapanda."

Nikamwambia, mwanangu, huenda ikaendelea kupanda. Mimi sijui, na anayekuambia anajua anakudanganya. Huenda wakapata wateja wapya, wakakopa tena, wakalipa deni, na mwakani ukanicheka. Lakini hebu tazama majina yaliyo katika fomu yako. Kampuni ikianguka, wewe una miaka 28 na mshahara, utajikokota hata uinuke. Mama yako ana miaka 59. Akiba yake katika chama imeshikwa kama dhamana mpaka umalize kulipa, na ukishindwa, itakatwa. Akiba hiyo ni ya nyanya alizobeba tangu alfajiri kwa miaka 16. Je, umemweleza kwamba fedha ya kampuni itatosha miezi 14?

Hakuwa amemweleza. Wala hakuwa mwongo, kwani mwenyewe hakuwa akijua kabla ya juma lile.

Aliichukua fomu yake akaondoka, mahali pangu pakiwa bado wazi. Jioni dada yangu akanipigia simu. "Nasikia umemkatalia mtoto," akasema, na sauti yake haikuwa ya furaha. Nikamwambia, dada, mtoto sikumkatalia kununua hisa. Akitaka kuanza kwa shilingi 5,000 za mshahara wake kila mwezi, katika kampuni ambayo ameisoma vitabu vyake, nitakuwa wa kwanza kumpongeza. Nilichokataa ni kuweka kalamu yangu chini ya jina lako. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza bei ya vitunguu huku kwetu, nikajua tumesikilizana, au angalau tumeahirisha.

Mpenzi msikilizaji, wewe ambaye umepanga kununua, sikuzuii. Uliza fedha iliyopo itafika lini, deni linaiva lini, bei ya kampuni nzima ni mara ngapi ya inachopata, na shilingi unayoitoa ni ya nani. Majibu ya matatu ya kwanza yamo katika vitabu vya kampuni. La nne unalijua wewe, na mdhamini wako ana haki ya kulijua kabla hujampa kalamu.

Hadi juma lijalo, majaliwa.